Mashindano ya mabingwa wastaafu wa kuteleza kwenye barafu: hakuna kujisajili, ni mwaliko tu (uzi mrefu)

Mleta uzi:

Wakuu, salaam kwenu.

Dick Button alifariki tarehe 30 Januari 2025 akiwa na miaka 95, na kwenye jukwaa letu la michezo sikuona hata mtu mmoja aliyemtaja. Siwalaumu, kuteleza kwenye barafu si mchezo tuliokulia. Lakini huyu mzee aliwafanyia wanamichezo wa fani yake jambo ambalo wanamichezo wengi duniani hawajawahi kufanyiwa: aliwajengea mahali pa kushindana baada ya kustaafu, kwa heshima, kwa malipo, na mbele ya majaji waliokuwa wameteleza wenyewe mpaka ubingwa.

Naishi Maryland, Marekani, na mashindano hayo yalikuwa yakifanyika jirani kabisa na ninapoishi, mji wa Landover, kwenye ukumbi ulioitwa Capital Centre. Nimeyafuatilia kwa miaka mingi kupitia video za zamani na nimeona niyalete hapa, kwa sababu nina hoja nayo. Hoja yenyewe ni kwamba mchezo huu ulipoyapoteza mashindano haya ulipoteza nusu ya utu uzima wake, na mpaka leo haujairudisha.

Kwanza tuelewane kuhusu ridhaa na kulipwa. Wapenzi wa ngumi wataelewa haraka: kuna ngumi za ridhaa, zile za Olimpiki, na kuna ngumi za kulipwa. Kuteleza kwenye barafu kulikuwa hivyohivyo, ila kwa ukali zaidi. Mchezaji akishapokea hata senti moja kwa ajili ya kuteleza, Olimpiki imefungwa kwake maisha. Mwaka 1947 binti wa Kanada, Barbara Ann Scott, alirudi nyumbani na ubingwa wa dunia, na mji wake wa Ottawa ukamzawadia gari. Wakubwa wa Olimpiki wakahoji, ikabidi alirudishe ili asipoteze sifa ya ridhaa. Mwaka 1948 akaenda St. Moritz akachukua dhahabu, akaachana na ridhaa, ndipo akalichukua gari lake. Ndivyo mambo yalivyokuwa.

Sasa ukishastaafu ridhaa unafanya nini? Ulikuwa na njia moja tu, maonyesho. Ice Capades, Ice Follies, kampuni za kuzunguka mji hadi mji, unavaa mavazi ya kung'aa na kurudia hatua zilezile kila usiku. Sonja Henie wa Norwe, mwenye dhahabu tatu za Olimpiki, aliacha ridhaa mwaka 1936 akaenda kutajirika Hollywood. Lakini mtu wa mashindano ana njaa ya mashindano. Makofi ya watu waliokuja kustarehe hayawezi kumwambia kama bado yeye ni bora kuliko fulani.

Button aliliona hilo kwa sababu alilipitia. Dhahabu ya Olimpiki 1948, dhahabu tena Oslo 1952, ubingwa wa dunia mara tano mfululizo. Mwaka 1948 alikuwa mtu wa kwanza kupiga Axel ya mizunguko miwili kwenye mashindano. Axel ni mruko pekee unaouanza ukiwa unatazama mbele, ndiyo maana una nusu mzunguko wa ziada, yaani miwili na nusu kwa jumla. Mwaka 1952 akawa wa kwanza kupiga mruko wa mizunguko mitatu. Akaacha ridhaa, akateleza na Ice Capades, akasoma sheria Harvard, akawa mtangazaji wa televisheni, na akaanzisha kampuni yake ya kutengeneza vipindi vya michezo. Kupitia kampuni hiyo akaandaa mashindano ya dunia ya wachezaji wa kulipwa, ya kwanza Tokyo mwaka 1973.

Naendelea.

Mdau wa Dodoma:

Mkuu, Tokyo tena? Si ungeanzia Marekani kwenye pesa?

Mleta uzi:

Swali zuri, jibu lake limo kwenye jina la Janet Lynn. Huyu Mmarekani alishiriki Olimpiki ya Sapporo, Japani, mwaka 1972. Katikati ya programu yake ndefu akaanguka akiwa anajizungusha, akakaa chini kwenye barafu, akatabasamu, akainuka, akamaliza kama hakijatokea kitu. Alipata shaba. Wajapani wakampenda kuliko washindi. Tabasamu lile likawa kwenye matangazo ya biashara, na barua za mashabiki zikawa zinamfuata mpaka kwao Illinois. Mwaka 1973 alisaini mkataba wa dola milioni 1.45 kwa miaka mitatu na Ice Follies, kiasi kilichomfanya mwanamke mwanamichezo anayelipwa kuliko wote duniani wakati ule. Kwa hiyo kupeleka mashindano Tokyo na kumwalika Janet Lynn ilikuwa akili ya biashara. Na alishinda.

Baada ya hapo kimya, mpaka Desemba 1980. Hapo ndipo Landover inaingia, na kuanzia mwaka huo yakawa ya kila Desemba.

Utaratibu ulikuwa huu. Hakuna michujo na hakuna fomu ya kujaza. Unapigiwa simu. Na hupigiwi mpaka uwe na jina, ambalo karibu kila mara lilikuwa na maana ya medali ya Olimpiki au ya dunia. Kila mchezaji anateleza programu mbili: ya kwanza ya ufundi, ambapo mruko ndio unaozungumza, ya pili ya sanaa, ambapo unaruhusiwa taa, vazi lolote, kofia, kiti, fimbo, hadithi yoyote unayotaka kuisimulia. Majaji wanatoa alama mpaka 10, wakati kule ridhaa mwisho ulikuwa 6.0. Na majaji wenyewe ni mabingwa wa zamani. Hili la majaji nalipenda sana. Kwenye ridhaa jaji aliwakilisha nchi yake, na kila mtu alijua siasa zake, kambi ya mashariki na kambi ya magharibi. Hapa anayekupa alama ni mtu aliyewahi kusimama palepale, miguu ikitetemeka kama yako.

Halafu kuna kitu hakikuwepo kabisa: michoro ya lazima. Mpaka mwaka 1990 wachezaji wa ridhaa walilazimika kuchora duara na umbo la namba nane kwenye barafu kwa chuma cha kiatu, majaji wanainama kukagua mstari. Saa nyingi za mazoezi ziliishia huko na hakuna mtazamaji aliyejali. Landover hawakuwahi kuwa na muda wa hayo.

Mdau wa Mombasa:

Nakusoma mkuu. Lakini swali moja la kiungwana: huyu bingwa akishastaafu si mwili umeshachoka? Mnaangalia nini, watu wazima wakizungukazunguka polepole?

Mleta uzi:

Ndugu yangu, hapo ndipo watu wengi wanapokosea, na nafurahi umeuliza.

Chukua Brian Boitano. Olimpiki ya Calgary 1988 alimshinda Brian Orser wa Kanada kwa tofauti ndogo mno, majaji watano kwa wanne. Akaingia kulipwa mwaka huohuo, na Desemba akashinda Landover. Akashinda tena, na tena, miaka mitano mfululizo, halafu tena 1994. Na hakuwa anazungukazunguka. Alikuja na Axel ya mizunguko mitatu, na ule mruko wake wa Lutz anaoinua mkono juu ya kichwa akiwa hewani. Jaribu kuruka tu hapo ulipo ukiwa umeinua mkono mmoja, utaona mwili unavyopinda. Wengine waliokuwa wameacha miruko mikubwa ilibidi warudi mazoezini, maana kuja Landover na miruko ya mizunguko miwili mbele ya Boitano ilikuwa ni kujiaibisha. Mtu mmoja aliinua kiwango cha fani nzima ya kulipwa.

Au Kurt Browning, Mkanada. Bingwa wa dunia mara nne. Budapest mwaka 1988 alikuwa wa kwanza kutambuliwa rasmi kwa mruko wa mizunguko minne kwenye mashindano. Lakini Olimpiki haikumpa chochote. Lillehammer 1994 aliharibu programu fupi akaangukia nafasi ya 12, akapambana mpaka ya tano. Kwa kumbukumbu za Olimpiki, Browning hana medali. Akaja kulipwa, akashinda mashindano haya 1995, 1996 na 1997. Na ile ya kuigiza, kuchekesha, kupiga hatua kwa kasi ambayo macho yanashindwa kuifuata, yote yalikomaa alipovuka miaka 29. Kama mashindano haya yasingekuwepo, Browning bora kuliko wote tusingemwona akishindana kamwe.

Kwa kinamama Kristi Yamaguchi, bingwa wa Olimpiki 1992, alitwaa taji hili mara nne: 1992, 1994, 1996 na 1997. Dorothy Hamill, bingwa wa Olimpiki 1976, alitawala miaka ya themanini. Waingereza Jayne Torvill na Christopher Dean, wale wa Olimpiki ya Sarajevo 1984 waliopewa 6.0 na majaji wote tisa kwa sanaa, nao walikuja kwenye dansi mwaka huohuo wa 1984 na wakashinda.

Mdau wa Kigoma:

Mkuu kuna mtu mweusi aliyewahi kualikwa au ndio mambo ya wenyewe tu?

Mleta uzi:

Yupo, na si kualikwa tu. Alishinda mara tatu. Anaitwa Debi Thomas.

Bingwa wa dunia 1986. Calgary 1988 alipata shaba, na kwa shaba hiyo akawa mtu mweusi wa kwanza kupata medali kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, mchezo wowote, nchi yoyote. Alikuwa pia mwanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford. Watu wanamkumbuka kwa usiku ule wa Calgary ambapo yeye na Katarina Witt wa Ujerumani Mashariki walichagua muziki wa opera moja, na Debi akakosea miruko, dhahabu ikaenda kwa Witt. Kila makala inaishia hapo, na mimi inaniuma, kwa sababu hadithi haikuishia hapo. Desemba ya mwaka huohuo alikwenda Landover akashinda. Akashinda 1989. Akashinda 1991. Kisha akaenda kusomea udaktari, akamaliza mwaka 1997, akawa daktari bingwa wa upasuaji wa mifupa.

Ukiangalia Olimpiki pekee, Debi Thomas ni mtu aliyeshindwa siku kubwa. Ukiangalia na upande wa kulipwa, ni mtu aliyeamka, akarudi na akawapiga mabingwa wenzake mara tatu. Ndiyo maana nasema mashindano haya yalikuwa yanakamilisha wasifu wa mtu.

Na kwa kuwa umegusa hapo, tumzungumzie Surya Bonaly wa Ufaransa. Huyu binti mweusi alikuwa bingwa wa Ulaya mara tano, 1991 mpaka 1995, na mshindi wa pili wa dunia mara tatu mfululizo. Mwaka 1994 kwenye mashindano ya dunia, Chiba, Japani, alipopewa medali ya fedha badala ya dhahabu, alikataa kupanda jukwaani, na walipomvisha medali akaivua. Olimpiki ya Nagano 1998, akiwa na jeraha na akijua medali imeshakwenda, alipiga sarakasi ya kinyumenyume, akatua kwa mguu mmoja kwenye chuma kimoja. Ilikuwa marufuku. Mmarekani Terry Kubicka aliifanya kwenye Olimpiki ya 1976, na muda mfupi baadaye shirikisho la kimataifa, ISU, likaipiga marufuku. Bonaly alijua atakatwa alama na akaifanya hivyohivyo. Baada ya hapo akahamia kulipwa, kwenye maonyesho ambako sarakasi ile ilikuwa halali na watu walikuwa wanaisubiri.

Hapo panahitaji kutazamwa vizuri. Upande wa kulipwa sarakasi hiyo haikuwa dhambi. Scott Hamilton, bingwa wa Olimpiki 1984, aliipiga kwa miaka na ikawa alama yake. ISU imekuja kuiruhusu msimu wa 2024/25. Miaka karibu hamsini! Kitu ambacho upande wa kulipwa ulikuwa umeshakijaribu mbele ya watu, ukaona watu wanakipenda, na mchezo haukufa.

Mdau wa Nairobi:

Niongezee kidogo hapo, kwa wale wanaosema barafu haituhusu. Hapa Nairobi tuna uwanja wa barafu kwenye hoteli ya Panari, Mombasa Road, tangu 2005. Timu yetu ya hoki ya barafu, Ice Lions, imekulia pale. Uwanja ni mdogo kuliko wa mashindano, lakini watoto wanajifunza. Mara ya kwanza ukivaa vile viatu ndio utajua hawa watu wa video si wa kawaida, unashika ukuta saa nzima.

Swali langu kwa mleta uzi: alama za 10 hazikuwa zinatolewa kama peremende? Nimeona video moja kila jaji ana 10.

Mleta uzi:

Asante sana ndugu wa Nairobi, na hongereni kwa Ice Lions.

Swali lako ni la haki na nalijibu moja kwa moja: ndiyo, zilitolewa kwa ukarimu, hasa programu ya sanaa. Jaji ni rafiki, jaji aliwahi kuzunguka naye miji thelathini kwenye basi moja, ukumbi umesimama unapiga makofi, atatoa ngapi? Wakosoaji wengi wa wakati ule walisema hivyo na walikuwa na haki. Mimi ninavyoona, bado mpangilio wa nani wa kwanza na nani wa pili mara nyingi ulikuwa sawa. Na ukilinganisha na kilichotokea upande wa pili, Olimpiki ya Salt Lake City 2002, ambapo jaji wa Ufaransa alisema alishinikizwa na ikabidi dhahabu ya pili itolewe kwa jozi ya Kanada, basi ukarimu wa Landover ulikuwa ugonjwa mdogo. Hakuna aliyedhulumiwa kwa kupewa 10.

Sasa niwapeleke kwenye jozi ninayoipenda kuliko zote. Ekaterina Gordeeva na Sergei Grinkov.

Walichukua dhahabu ya Olimpiki Calgary 1988, binti akiwa na miaka 16 na kijana 21. Waliunganishwa na kocha wakiwa watoto huko Moscow. Wakaoana mwaka 1991, mwaka huohuo wakashinda Landover. Wakashinda tena Desemba 1992, miezi michache tu baada ya kupata mtoto wa kike. Halafu ikatokea kitu cha kihistoria: ISU ilifungua mlango kwa wachezaji wa kulipwa kurudi ridhaa kwa ajili ya Olimpiki ya Lillehammer 1994. Boitano ndiye aliyelipigania sana. Wakarudi wengi. Boitano mwenyewe alikuwa wa sita, Witt wa saba, Viktor Petrenko wa nne, Torvill na Dean wakapata shaba. Wengi waliona ugumu wa kurudi. Gordeeva na Grinkov peke yao, kati ya mabingwa hao waliorudi, ndio waliochukua dhahabu tena. Desemba ya mwaka huo wakashinda Landover kwa mara ya tatu.

Watazame wote wawili, 1988 halafu 1994. Mwaka 1988 ni watoto wanaofanya kila kitu bila kosa. Mwaka 1994 ni mume na mke. Namna anavyomshusha kutoka juu, taratibu, kama anajua uzito wake kuliko anavyojua wa kwake. Miaka ile ya kulipwa katikati ndiyo iliyowafundisha. Walikuwa wameteleza kila aina ya muziki, mbele ya watu wa kila aina, bila hofu ya kukatwa alama, na walirudi Olimpiki wakiwa wasanii kamili.

Tarehe 20 Novemba 1995, Lake Placid, New York, wakiwa mazoezini kwa ajili ya ziara ya Stars on Ice, Sergei alishikwa na moyo akafariki. Alikuwa na miaka 28. Februari 1996 wachezaji wenzake wakakusanyika Hartford kumkumbuka, na Ekaterina akateleza peke yake. Mimi ile video siiangalii mara nyingi.

Mdau wa Muscat:

Innalillahi. Nimeisoma kimya kimya hii. Mkuu, sasa mashindano mazuri hivi yalikufaje? Pesa ziliisha?

Mleta uzi:

Kinyume chake. Pesa zilizidi, zikaja kwa mkupuo.

Tarehe 6 Januari 1994, Detroit, mtelezaji wa Marekani Nancy Kerrigan alipigwa gongo mguuni baada ya mazoezi, na walioupanga mpango huo walikuwa watu wa karibu wa mpinzani wake Tonya Harding, akiwemo aliyekuwa mume wake. Dunia nzima ikageukia mchezo huu. Programu fupi ya wanawake Lillehammer ilipata kiwango cha 48.5 Marekani, maana yake karibu nusu ya nyumba zote zenye televisheni zilikuwa zinaangalia. Na kwa bahati, kituo cha CBS kilikuwa kimetoka tu kupokonywa haki za mpira wa Marekani, NFL, na Fox. Kilikuwa na saa nyingi tupu za wikendi na kilihitaji kitu cha kujaza.

Kikajaza barafu. Novemba 1994 wakaleta Ice Wars, Marekani dhidi ya Dunia. Na vituo vingine navyo. Mashindano ya kulipwa yakawa ya kila wiki, wachezaji walewale, programu zilezile, mji tofauti. Mtu anashinda Jumamosi hii, wiki mbili baadaye anashindwa na yuleyule mahali pengine, hakuna anayekumbuka. Landover ilikuwa na uzito kwa sababu ilikuwa moja kwa mwaka. Ilipozungukwa na nyingine kumi ikawa moja ya kumi.

Upande wa pili ISU nao hawakulala. Mwaka 1995 walianza mfululizo wao wa mashindano wenye zawadi za fedha, ule unaoitwa Grand Prix leo. Mchezaji sasa anaweza kulipwa na bado akaenda Olimpiki. Basi kwa nini Michelle Kwan, nyota wa Marekani wa wakati ule, astaafu mapema? Hakuwa na haja. Bomba lililokuwa linaleta mabingwa wapya upande wa kulipwa likakauka, waliobaki wakazeeka, watazamaji wakachoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano yakakoma. Capital Centre yenyewe ililipuliwa Desemba 2002, pakajengwa maduka.

Watu wengi husema yalikufa kwa sababu hayakuwa mashindano ya kweli. Sikubali. Yalikufa kwa sababu msingi wake wa kiuchumi, ukuta kati ya ridhaa na kulipwa, ulibomolewa. Ni vizuri ulibomolewa, ulikuwa wa dhuluma. Lakini pamoja na ukuta kiliondoka kitu ambacho hakuna aliyekifikiria: nafasi ya mtu wa miaka 30 au 35 kushindana kwa anachokiweza sasa, badala ya kupimwa kwa alichokiweza akiwa na miaka 17.

Mdau wa Dodoma:

Kwa hiyo leo hakuna kabisa?

Mleta uzi:

Japani wamejaribu zaidi ya wote, na si ajabu, walianza nayo 1973. Kuna Japan Open, kila Oktoba, mara nyingi Saitama Super Arena. Timu tatu: Japani, Ulaya na Amerika Kaskazini. Kila timu wanaume wawili na wanawake wawili, programu ndefu tu, na ndani yake wanachanganywa wanaoendelea na waliostaafu. Bingwa wa zamani anateleza timu moja na kijana wa leo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 walikuwa pia na Medal Winners Open, ambayo ilikuwa hasa ni wazo lile la Button: waalikwa waliowahi kupata medali, basi. Haikudumu.

Lakini watazamaji wapo, msidanganywe. Yuzuru Hanyu, dhahabu 2014 na 2018, mwanamume wa kwanza kutetea ubingwa wa Olimpiki tangu Button mwenyewe mwaka 1952, aliingia kulipwa Julai 2022. Februari 2023 alifanya onyesho Tokyo Dome, peke yake, mtu mmoja kwenye barafu, na watu 35,000 wakaja. Mtu mmoja amejaza uwanja wa besiboli!

Mdau wa Mombasa:

Haya mkuu, tukupe simu wewe. Unaalika nani?

Mleta uzi:

Hili nimelifikiria siku nyingi.

Wanaume: Hanyu, Nathan Chen bingwa wa 2022, Javier Fernández wa Hispania, na Patrick Chan wa Kanada, ambaye kwa kuteleza kwenyewe, ile kona na kasi inayotoka kwenye goti bila kusukuma, sijaona wa kumzidi. Ilia Malinin simwaliki, bado anashindana. Yule aliyepiga Axel ya mizunguko minne Lake Placid Septemba 2022 asubiri zamu yake.

Wanawake: Mao Asada, aliyepiga Axel za mizunguko mitatu mara tatu Olimpiki ya Vancouver 2010 na bado akapata medali ya fedha. Yuna Kim wa Korea Kusini aliyemshinda usiku ule. Carolina Kostner wa Italia, bingwa wa dunia 2012, ambaye alizidi kuwa mzuri kila mwaka alioongeza. Na kiti cha nne namwekea Bonaly, hata kama ni kwa programu ya sanaa tu.

Jozi: Aljona Savchenko na Bruno Massot, waliochukua dhahabu ya 2018 Savchenko akiwa na miaka 34, na Vanessa James na Morgan Ciprès wa Ufaransa.

Programu mbili kama zamani. Ufundi na sanaa. Sarakasi ruksa. Alama mpaka 10. Majaji ni Boitano, Yamaguchi, Browning, Gordeeva na Debi Thomas. Mara moja kwa mwaka, Desemba, na mkataba useme wazi kwamba kituo cha televisheni hakiruhusiwi kuongeza la pili.

Mdau wa Nairobi:

Kostner dhidi ya Asada programu ya sanaa, mimi niko na Kostner.

Mleta uzi:

Programu ya sanaa nakubali, Kostner. Ya ufundi Asada anamwacha mbali, kwa hiyo jumla itategemea kama Axel yake imetua.